Wimbo wa Kuota Moto

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema. Nimezaliwa Kagongwa, nimekulia nyuma ya meza ya duka la shangazi yangu, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba mteja anayeusifia sana mchele wako ana jambo. Nilipohamia Kahama na kufungua chekechea yangu pembeni kabisa mwa mji, kwenye njia ya kuelekea makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, tabia hiyo ikanenepa. Huku kila mtu anamtazama mwenzake mikono. Mwenye shimo anamshuku mchimbaji, mchimbaji anamshuku mnunuzi, na mnunuzi akirudi nyumbani anamshuku mkewe. Na mimi, mwalimu wa watoto wadogo, nikajipa kazi ya kuwashuku wazazi.

Na nisikudanganye, kazi hiyo niliiweza. Yupo baba mmoja aliyekuwa akimtilia mwanawe pombe ya kienyeji kwenye chupa ya uji ili mtoto alale mapema. Nilinusa chupa, nikamwita, nikamsema mbele ya geti mpaka akakosa pa kuweka macho. Tangu siku ile nilijiona nina pua ya pekee. Nikisema kitu hakiko sawa, basi hakiko sawa, na mtu asinibishie.

Sasa kipupwe. Watu wa nyanda za juu wakisikia tunalalamikia baridi ya Kahama wanacheka, lakini waje hapa mwezi wa saba alfajiri, upepo ukipiga uwanda mzima bila kizuizi, ndipo waongee. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Midomo ya watoto inapasuka, miguu inapauka, na makamasi hayana mwisho. Banda langu ni la mabati juu na mabati pembeni, kwa hiyo asubuhi lilikuwa na baridi kuliko nje. Watoto walikuja na masweta ya kaka zao, mikono ya sweta ikiburuta chini, wakajikunyata ukutani na kukataa kushika hata chaki.

Nikatunga wimbo. Sikuwahi kusomea muziki, ila mtoto mwenye baridi hahitaji muziki, anahitaji kuruka. Tulisimama duara, tukapiga makofi, tukaimba:

Kipupwe kimekuja, tutetemeke,
tete, tete, tete, tete!
Jiko liko wapi? Lile pale!
Sogea, sogea, tuote moto.

Kwenye "tete" kila mtu alitetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Kwenye "sogea" duara liliminyana mpaka katikati, mikono imenyooshwa juu ya jiko ambalo halikuwepo. Kisha nilipiga kofi moja kubwa na wote wakaganda kimya. Tukirudia mara nne, damu imechemka, tunaweza kuanza kuhesabu. Baada ya wimbo nilipita na kopo la mafuta ya mgando, nikawapaka midomo mmoja mmoja. Nilipenda saa ile kuliko zote. Walinyoosha midomo juu, macho wamefumba, na waliobaki nyuma walisukumana wasikose zamu.

Ni kipupwe kile ndipo alipokuja mtoto ninayetaka kukusimulia. Alikuwa msichana wa miaka mitano, mdogo kwa umri wake, mwenye kofia ya kufuma ya rangi ya chungwa iliyomfunika hadi nyusi. Aliletwa na mama wa kambo. Hilo sikuambiwa, nililiuliza, kwa sababu yule mwanamke alikuwa kijana mno kuwa amemzaa. Aliyemzaa ni marehemu, akajibu, na hakuongeza neno. Alikuwa amejitanda kitenge mpaka puani. Alinisalimu shikamoo vizuri, lakini akisema na mimi alitazama mlango. Nikajiambia, haya, huyu tutaonana.

Mtoto mwenyewe alikuwa kimya, hana njaa, anakasirika haraka. Uji aliuacha nusu. Lakini kwenye wimbo, jamani! Hapakuwa na mtoto aliyejua kutetemeka kama yeye. Vidole vilitikisika, mikono ikatikisika, mpaka kofia ile ya chungwa ikacheza kichwani. Wenzake walisimama kumtazama. Nikamtoa mbele, nikawaambia wote waige kwake, nikampa cheo cha bingwa wa baridi. Siku hiyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Kila asubuhi nikawa namweka katikati ya duara, nami najisifu moyoni kwamba nimemtoa mtoto aibu.

Wiki kama ya tatu hivi, nilipiga kofi la kuganda. Watoto wote wakaganda. Mikono yake haikuganda.

Nilidhani anaendelea na mchezo. Nikamwambia kwa utani, bingwa, wimbo umeisha, pumzika. Akaniambia amepumzika. Akaificha mikono nyuma ya sketi, na nikaona mabega yanacheza kidogo. Saa ya kuchora nilimpa penseli achore upepo, kama wenzake waliochora miti iliyoinama na makaratasi yanayoruka. Mistari yake ilikuwa imevunjikavunjika ukurasa mzima. Nilimshika kichwa, hakina homa. Nikamuuliza kama amekula jana, akasema ugali na dagaa. Nikamuuliza kama anapigwa, akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza kama nyumbani analala na baridi. Akafikiri, kisha akasema:

"Mama ananifukuza motoni."

Hapo pua yangu ikafanya kazi. Mama wa kambo si mama, ndivyo tulivyoambiwa tangu tukiwa migongoni. Nikamtazama yule mtoto aliyepauka, anayetetemeka, asiyekula, na kila kitu kikakaa mahali pake. Kesho yake niliondoka nyumbani mapema, nikazunguka kwa makusudi kupita kwao. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Nilimkuta mtoto amekaa nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejikunja ndani ya kanga, upepo unampiga. Mlango umefungwa. Madirisha yamezibwa kwa viroba, na harufu ya mkaa inatoka ndani. Yaani wao wanaota moto na mtoto wa marehemu yuko nje na kuku!

Sikugonga. Ningegonga ningetukana, na mwalimu hatukani kwa watu asubuhi. Nilimshika mtoto mkono, tukaja naye shule. Mama yule alipokuja kumchukua mchana nilimvuta pembeni ya banda. Nilimwambia kila nililotaka kumwambia. Nilimwambia kwamba mtoto si paka wa kufukuzwa jikoni, kwamba marehemu anaona, kwamba ninajua ofisi ya ustawi wa jamii ilipo na miguu ninayo. Alisikiliza akiwa ameinamisha uso. Nilisubiri aniombe msamaha au aniparamie, maana yote mawili ningeyajibu. Akasema tu, "Nimesikia, mwalimu." Akamfunga mtoto kanga vizuri, wakaondoka. Nilimwona anafuta macho na ncha ya kitenge, nikasema, machozi ya mamba.

Na halikuishia hapo, na kinachofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilimchukua mtoto faragha, nikamketisha mapajani. Nikamwambia asiogope. Nikamwambia moto ni wa watoto wote, na mama akimfukuza, amwambie mwalimu amesema asogee. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu, nilijua atafanya.

Wiki iliyofuata tulikuwa na meza ya kipupwe. Kila mtoto alete kutoka nyumbani kitu kinachoonyesha baridi, tukipange mezani, tukizungumzie. Vikaja soksi za pea tofauti, kipande cha blanketi, tangawizi, majani makavu, na bakuli lililokuwa na barafu lakini limefika na maji. Aliyeleta bakuli akalia. Hapo bingwa wangu akasogea mbele akasema yeye ana barafu isiyoyeyuka. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho, akakifungua, akakimimina mezani kabla sijamfikia.

Kitu kile kiliangukia mbao na kuvunjika kuwa shanga za fedha, zikakimbia huku na huku. Watoto walipiga kelele za furaha wakaanza kuzifukuza kwa vidole. Mwana wa Kagongwa asijue zebaki? Mjomba wangu aliishika miaka yote aliyokuwa machimboni. Unachanganya na unga wa mawe uliosagwa, inaikamata dhahabu, mnakuwa na donge jeupe. Donge unaliweka kwenye moto, zebaki inaondoka na hewa, dhahabu inabaki. Inayoondoka huioni, wala hainuki. Mjomba uzeeni alinywa chai kwa mrija, kwa sababu kikombe hakikufika mdomoni bila kumwagika.

Niliwatoa watoto wote nje kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwangu. Nilizikusanya zile shanga kwa karatasi, nikazirudisha kwenye kichupa, nikakifunga, nikanawisha mikono ishirini na kitu kwenye kidumu kimoja. Nilifungua mlango na madirisha yote na siku ile hatukurudi ndani. Nikamuuliza mtoto ameitoa wapi. Akasema ni ya baba, iko chini ya kitanda, na baba huchoma asubuhi kwenye jiko la mkaa.

Hata hapo, niamini, nilikuwa bado namshuku yule mwanamke. Nilitembea kwenda kwao mchana ule nikiwa nimemshika mtoto mkono, kichupa kimo ndani ya mkebe wangu wa chaki, na kichwani nimepanga maneno. Nilijiambia anajua, anaona, ananyamaza, anataka mtoto wa mwenzie aishe taratibu. Nilikuwa na hasira iliyonitangulia hatua tatu.

Alinikaribisha kigoda. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, jiko la mkaa pembeni, na juu ya jiko kijiko kikubwa cha chuma kilichoungua kitako. Viroba bado vimeziba madirisha. Aliniletea chai bila kuniuliza, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akija na balaa. Sahani ya kikombe ilikuwa inalia mkononi mwake. Kitenge kilikuwa kimeshuka, nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa binti mdogo tu, fizi zimevimba, midomo imekauka. Niliweka mkebe chini, nikakitoa kichupa. Alipokiona akakaa chini, mkekani.

Akanieleza polepole, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika. Kliniki, yeye na wanawake wenzake wanaosafisha mchanga wa dhahabu walishaambiwa kwamba hewa ya zebaki inaharibu watoto. Alimwambia mumewe. Mume akamjibu akienda kuchomea kule kwa wenzake watajua amepata kiasi gani, watamwibia au watamfuata nyumbani, na ole wake amwambie mtu kwamba humu ndani dhahabu inachomwa. Kiangazi chenye joto alichomea uani, nyuma ya choo. Kipupwe kilipoingia na upepo ukawa unamzimia moto, akauleta ndani na kuziba madirisha. Basi yeye mke akabuni njia yake. Kila alfajiri mume akiwasha, anamtoa mtoto nje na kumkalisha kwenye ndoo mpaka amalize, ingawa akirudi ndani hewa ile bado imejaa chumbani.

Kisha akaniambia, bila hasira hata chembe, na afadhali ingekuwepo:

"Nilikuwa namfukuza, mwalimu. Sasa hafukuziki. Ananiambia mwalimu amesema sogea, sogea."

Nilimtazama mtoto aliyekaa kwenye kizingiti, na kumbe alikuwa anauimba chinichini wimbo wangu, mikono ameinyoosha kuelekea lile jiko lililozimika. Nilitamani niuchomoe kinywani mwake neno kwa neno. Nyani haoni kundule. Nimewanusa watu wote mtaani, harufu yangu mwenyewe sikuisikia.

Mume alirudi tukiwa bado tumekaa. Siku nyingine akinikuta njiani huniamkia shikamoo kabla sijafungua mdomo. Siku hiyo hakuniamkia. Aliona mkebe, akaona kichupa, akamtazama mkewe, kisha akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sikutumwa. Akauliza tena, taratibu zaidi, nani amenituma nije kuhesabu vitu vyake. Akaenda mlangoni akachungulia nje kama nimekuja na watu. Nilimwelewa kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Nikaanza kumweleza habari ya mjomba wangu, akanikatiza. Akasema binti yake ana baridi tu, hata mwalimu mwenyewe amempa cheo kwa kutetemeka.

Nikaona maneno yangu hayana kazi hapo. Maneno yangu yalishaharibu ya kutosha. Nikamwomba jambo moja, amwambie mwanawe amletee yeye baba yake maji ya kunywa, kisha nitaondoka na sitarudi.

Mtoto wa kike wa Kisukuma akimpa mkubwa maji hupiga magoti, anashika kikombe kwa mikono miwili, anasubiri mpaka mkubwa anywe na kurudisha. Hilo wanafundishwa kabla ya kuhesabu. Baba yule alikuwa akiondoka mapema na kurudi mtoto amelala, nadhani ilishapita miezi tangu apewe maji na mwanawe. Mtoto alichota kikombe kikajaa. Akatembea nacho mkekani, maji yakidondoka kila hatua. Akapiga magoti vizuri kabisa, mgongo umenyooka, akainua mikono miwili. Kikombe kilicheza. Maji yakamwagikia mikononi mwake, yakamwagikia suruali ya baba yake, na kadiri alivyojitahidi kukituliza ndivyo kilivyozidi. Hakulia. Alikuwa anajitahidi kwa adabu. Kilipofika mkononi mwa baba kilikuwa na maji ya kufunika kitako tu.

Baba akakishika. Hakunywa. Akakaa hivyo, akamtazama mtoto ambaye bado amepiga magoti anangoja kikombe chake. Kisha akaushusha mkono wake mwenyewe juu ya goti na kuutazama. Nao ulikuwa unacheza, na mimi na mkewe tuliuona pamoja na yeye.

Hakuniomba radhi wala hakunishukuru. Akamwambia mkewe afungashe nguo za mtoto. Kesho yake asubuhi wote watatu walikwenda hospitali. Daktari aliwaambia dawa ya kwanza ni kumwondoa mtoto kwenye ile hewa kabisa, vipimo na mengine yatafuata. Yule mama wa kambo niliyempa ahadi ya ustawi wa jamii ndiye aliyepanda naye basi, akampeleka Samuye kwa bibi yake mzaa baba, kwenye ng'ombe na hewa wazi. Akakaa naye huko hadi mavuno ya mwaka uliofuata, hajui kama akirudi atakuta ndoa. Aliikuta. Mume anachomea mbali na nyumba sasa, ndivyo anavyosema. Mimi nimepita alfajiri mara mbili kuhakikisha.

Watoto wengine niliwaita wazazi wao mmoja mmoja, nikawaeleza lililotokea darasani kwangu. Wawili waliwahamisha. Siwalaumu.

Mtoto alirudi kwangu kipupwe kingine, ameongezeka kimo, kofia ya chungwa haimtoshi tena. Anakula uji wote na anaomba wa mwenzie. Sehemu ya kutetemeka nilitaka kuifuta kabisa kwenye wimbo, watoto wakagoma. Jiko ndilo nililoliondoa. Siku hizi tunaimba jua liko wapi, lile pale, tunatoka nje kwa mstari, tunaegemea ukuta wa mashariki na kulinyooshea mikono. Hakuna hewa iliyofungiwa na hakuna mtu wa kufukuzwa.

Mama yake ndiye anayemleta. Wazazi wengine wanaachia watoto getini na kukimbilia shughuli zao. Yeye haondoki. Anasimama mlangoni, kitenge begani, anausikiliza wimbo wangu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Nikipiga kofi la kuganda, anaitazama mikono ya mwanawe mpaka itulie. Kisha ananitazama mimi. Asubuhi ya kwanza alipofanya hivyo, mdomo uliniwasha, nikataka kumwambia wazazi hawaruhusiwi kusimama mlangoni. Nikayameza maneno hayo. Sasa kila siku namngoja afike ndipo nianze, na naimba kwa sauti, maneno yote, asikose hata moja.